Kukomboa na Kujenga: Vita vya Kagera, Uganda na Msamiati wa Kiswahili baada ya 1979

Utangulizi

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Bukoba kwa barabara hulikuta Ghuba ya Mwanza pale Kigongo, wilayani Misungwi. Kwa miongo mingi alilazimika kungoja pantoni imvushe hadi Busisi, upande wa Sengerema. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililopewa jina la Rais John Pombe Magufuli, limeifanya safari hiyo kuwa ya dakika chache. Kutoka Busisi barabara huendelea Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba hadi Bukoba, kisha Kyaka na Mutukula. Baada ya Mutukula msafiri yumo Uganda, na mbele yake ni Masaka na Kampala.

Aghalabu njia hii hutajwa kwa habari za biashara: pamba, dagaa, ndizi, kahawa na mafuta. Lakini ni njia inayounganisha pia kumbukumbu ya vita. Watu wa pwani ya kusini ya Ziwa Viktoria walikuwa nyuma ya mstari wa mbele mwaka 1978 na 1979, nao walilipa sehemu ya gharama ya vita hivyo kwa miaka mingi baadaye. Watu wa upande wa pili wa ziwa walikombolewa na jeshi lililozungumza Kiswahili, kisha wakaishi na matokeo ya ukombozi huo.

Mhadhara huu unachunguza swali moja. Ikiwa jeshi la nchi moja limeingia katika nchi nyingine na kumwondoa mtawala dhalimu, ni nani mwenye wajibu wa kujenga kilichobomoka? Swali hili limewashughulisha wataalamu wa sera kwa miaka mingi. Hapa litatazamwa kwa njia ya maneno, kwa kuwa maneno yaliyotumika wakati wa Vita vya Kagera yanaonyesha kwa uwazi ni mambo gani yaliyofikiriwa na ni mambo gani yaliyoachwa bila kufikiriwa.

Chanzo na mwenendo wa vita

Idi Amin alitwaa madaraka ya Uganda kwa mapinduzi ya kijeshi tarehe 25 Januari 1971, na Rais Milton Obote akapata hifadhi Tanzania. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walijaribu kuingia Uganda kutoka ardhi ya Tanzania, wakashindwa. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulisimamisha uhasama bila kuondoa chanzo chake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na chombo pekee kilichokuwa kikizikutanisha serikali za eneo hili kikatoweka.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kulikalia eneo la Tanzania lililo kaskazini ya Mto Kagera, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800. Raia waliuawa, mifugo ikaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa na daraja la Kyaka likavunjwa. Serikali ya Amin ikatangaza kuwa eneo hilo ni sehemu ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Rais Julius Nyerere alilihutubia taifa na kutangaza kuwa Tanzania itapigana.

Mvamizi aliondolewa katika ardhi ya Tanzania kabla ya mwaka huo kwisha. Hata hivyo vita havikukomea mpakani. Januari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliiteka Mutukula. Februari liliingia Masaka na Mbarara, na Machi likapambana huko Lukaya na majeshi ya Amin yaliyosaidiwa na askari wa Libya. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili. Mapema Juni 1979 wanajeshi wa Tanzania walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Kwa hiyo kulikuwa na vita viwili ndani ya kimoja. Cha kwanza kilikuwa cha kumwondoa mvamizi katika ardhi ya nchi, na uhalali wake haukuhitaji maelezo marefu. Cha pili kilikuwa cha kumwondoa mtawala wa nchi nyingine. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizitenganisha shughuli hizi mbili, akisisitiza kwamba kumwangusha Amin ni kazi ya Waganda. Lakini kadiri jeshi lilivyosonga kaskazini, tofauti hiyo ilizidi kufifia, kwa kuwa vikosi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikuwa vidogo mno kulinganishwa na jeshi lililovisindikiza.

Sababu, nia, uwezo, na neno lililokosekana

Hotuba ya tarehe 2 Novemba inakumbukwa hasa kwa nomino tatu: sababu, nia na uwezo. Mbili za kwanza zina asili ya Kiarabu, na ya tatu imeundwa kutokana na kitenzi cha Kibantu, kuweza. Kwa maneno hayo matatu, yaliyosikika redioni katika kila mkoa, vita vilipewa hoja ambayo mkulima wa Misungwi na mwanafunzi wa Chuo Kikuu waliweza kuirudia sawasawa.

Ni jambo la kuzingatiwa kwamba hoja hiyo ilitangulia kwa zaidi ya miaka 20 msamiati wa kimataifa wa uingiliaji kati wa kijeshi. Mwaka 2001 tume ya kimataifa iliyoundwa kwa msaada wa serikali ya Kanada, ambayo wenyeviti wake walikuwa Gareth Evans wa Australia na Mohamed Sahnoun wa Algeria, ilitoa ripoti juu ya wajibu wa kuwalinda raia. Miongoni mwa masharti yaliyotajwa humo ni kuwapo kwa sababu ya haki, nia njema na matumaini ya kweli ya kufanikiwa. Msomaji wa Kiswahili atayatambua mara moja masharti hayo.

Ripoti hiyo, hata hivyo, iliongeza jambo ambalo hotuba ya 1978 haikuwa nalo. Iliugawa wajibu katika sehemu tatu: kuzuia, kuchukua hatua, na kujenga upya. Si haki kuilaumu hotuba kwa kutogusia sehemu ya tatu, maana siku ile ardhi ya Tanzania ilikuwa imekaliwa na hakuna aliyekuwa akizungumzia Kampala. Lawama, kama ipo, ni ya miezi iliyofuata. Vita vilipobadilika lengo, hapakupatikana nomino ya nne ya kuungana na zile tatu. Nomino hiyo ingeweza kuwa hatima.

Maana ya kukomboa

Pengo hilo lilizibwa na neno moja lenye heshima kubwa: ukombozi. Mwaka 1979 neno hili lilikuwa tayari na historia katika siasa za Afrika. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na Watanzania walikuwa wamelizoea neno hilo katika habari za Msumbiji, Angola na Zimbabwe.

Maana ya msingi ya kitenzi kukomboa inafaa kuchunguzwa. Mtu hukomboa rehani kwa kulipa deni. Hapo kale mtumwa alikombolewa kwa fidia. Kwa hiyo kitenzi hiki kinahusisha pande tatu: kitu kilichoshikwa, mwenye kulipa ili kitoke, na mwenye haki ya kukipokea. Ukombozi haujatimia mpaka kitu kimefika mikononi mwa mwenyewe. Mkombozi akikaa nacho, au akimkabidhi asiyestahili, amelipa gharama bila kukamilisha tendo.

Katika Msumbiji wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wenyewe wa vita na wenyewe wa nchi. Tanzania iliwapa kambi, mafunzo na msaada, lakini mwenye kukomboa na mwenye kukombolewa walikuwa mmoja. Uganda haikuwa hivyo. Jeshi la jirani ndilo lililotangulia, na mpokeaji alitafutwa wakati vita vikiendelea. Mkutano wa Moshi wa tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 uliitishwa kwa sababu hiyo. Makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yaliunda chama cha pamoja, UNLF, na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi. Siku 16 baada ya mkutano huo kufungwa, Kampala ilikuwa imetekwa yote. Umoja uliotengenezwa kwa siku tatu ulitakiwa kutawala nchi iliyokuwa imeharibiwa kwa miaka minane.

Haukudumu. Lule aliondolewa Juni 1979 baada ya kutofautiana na baraza la UNLF juu ya uteuzi wa mawaziri. Godfrey Binaisa aliyemfuata aliondolewa Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote katikati ya malalamiko makubwa ya udanganyifu. Februari 1981 Yoweri Museveni akaanza vita vya msituni. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa wameondoka Uganda kufikia katikati ya mwaka huo, na nchi waliyoiacha ilipita katika vita vingine hadi Januari 1986.

Kutoka mkombozi hadi bakombozi

Waganda wengi waliwapokea wanajeshi wa Tanzania kwa shangwe, na Kiluganda kikalichukua jina lao. Mkombozi wa Kiswahili alipata kiambishi cha ngeli ya watu ya Kiluganda, na wakombozi wakawa bakombozi. Ukopaji huu ni mwepisi kwa lugha mbili za Kibantu, kwani shina halikuhitaji kubadilika. Silaha nayo ilipata jina: mizinga ya roketi ya Watanzania ilijulikana kwa raia wa Uganda kuwa saba saba.

Lakini maana ya neno hufuata mwenendo wa anayeitwa kwa neno hilo. Masaka na Mbarara yalikuwa yamebomolewa kwa kiasi kikubwa, jambo ambalo wengi walilieleza kuwa ni kisasi cha yaliyotendwa Kagera. Kadiri miezi ilivyopita pakawa na malalamiko ya uporaji na utovu wa nidhamu. Lule alipoondolewa, wakazi wa Kampala waliandamana kumpinga mkombozi wa jana. Neno bakombozi likabaki katika kumbukumbu likiwa na sura mbili, ya shukrani na ya machungu.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na mzigo wa zamani zaidi nchini humo. Tangu kuundwa kwa King's African Rifles mwaka 1902, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri katika jeshi la kikoloni. Amin alijifunza uaskari katika jeshi hilo, sawa na Jenerali David Msuguri aliyekuja kuiongoza Divisheni ya 20 ya Tanzania dhidi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 juhudi za Gavana Gowers za kukieneza Kiswahili katika shule zilipingwa na Buganda, akiwamo Kabaka Daudi Chwa. Agosti 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na hivyo lugha ikapewa heshima na mtawala aliyeinyima heshima kila kitu kingine. Raia wa Kampala aliyesikia Kiswahili barabarani usiku miaka ile alikuwa na sababu ya kuogopa.

Kwa hiyo mwaka 1979 lugha hiyohiyo ilisikika pande zote mbili za bunduki. Kwa miezi michache Kiswahili kilipata nafasi ya pekee ya kuwa lugha ya waliomwondoa dhalimu. Nafasi hiyo haikutumiwa. Serikali ya UNLF iliendesha kazi zake za maandishi kwa Kiingereza, lugha rasmi ya nchi, ilhali Kiswahili kilibaki kwenye vizuizi vya barabarani. Wananchi walikutana nacho katika kuulizwa vitambulisho. Hawakukutana nacho darasani, mahakamani wala katika mkutano wa kijiji unaojadili ujenzi wa zahanati.

Gharama upande wa kusini wa ziwa

Methali husema kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Neno mgambo, lililohusu tangazo la hadhara, lilikuwa limekwisha kuwa jina la raia waliofunzwa uaskari, na mwaka 1978 maelfu kwa maelfu yao waliitwa kujiunga na jeshi. Mwanza, mwisho wa tawi la reli ya kati na mahali penye hazina ya mafuta, ilikuwa karibu na vita kuliko ramani inavyodokeza. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya ilijaribu kuipiga hazina hiyo, ikakosa, na makombora yakaangukia hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakiwaua wanyama kadhaa.

Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey, katika kitabu chao cha 1982, walitaja vifo vya wanajeshi 373 wa Tanzania, ambao 96 kati yao waliuawa katika mapambano, na raia wapatao 1,500 waliouawa Kagera. Makaburi ya mashujaa yaliyopo Kaboya, wilayani Muleba, yanaihifadhi kumbukumbu ya waliofia vitani. Mkoa wenyewe ulibadilishwa jina: uliokuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi uliitwa Kagera mwaka 1979, na jina la mto likawa jina la kumbukumbu.

Gharama ya fedha hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, mikanda ikabaki imefungwa. Kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya na udhaifu wa uchumi wenyewe viliungana na deni la vita, hata sabuni, sukari na kanga vikawa bidhaa za foleni. Silaha zilizotoka vitani ziliingia mikononi mwa majambazi, na wizi wa ng'ombe ukakithiri katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji walijiundia ulinzi wao, sungusungu, kwa jina la wadudu wadogo weusi ambao huuma kwa umoja. Baadaye dola ikawatambua, ingawa mara nyingine mbinu zao zilikiuka sheria.

Ni vigumu kulipuuza fundisho la sungusungu. Nchi iliyokwenda kurudisha utulivu kwa jirani ilirudi ikakuta utulivu wa vijiji vyake umepungua. Ujenzi wa taifa baada ya vita ulihitajika katika pande zote mbili za ziwa, lakini upande wa kusini haukuitwa kwa jina hilo, kwa kuwa Tanzania ilikuwa mshindi.

Utenzi na ukimya

Fasihi ya Kiswahili ina desturi ndefu ya kuhifadhi vita. Hemedi Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi, na Abdul Karim Jamaliddini juu ya Maji Maji. Vita vya Kagera navyo vilipata tenzi, na mwaka 1980 Baldwin Mzirai alichapisha simulizi yake, Kuzama kwa Idi Amin. Kichwa cha kitabu hicho chenyewe kinaeleza mahali ambapo hadithi hukoma: mtawala amezama. Lugha ya wakati huo ilimpa Amin jina la nduli, na nduli akishaondoka simulizi haina la kuongeza.

Yaliyofuata, yaani Lule, Binaisa, uchaguzi wa 1980, sabuni ya foleni na sungusungu, hayakupata mtunzi wa kuyaunganisha na vita vilivyoyatangulia. Hivyo kizazi kilichozaliwa baadaye kimerithi ushindi bila kurithi hesabu yake.

Funzo kwa sera na kwa lugha

Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia Julai 1979, Tanzania ilikosolewa kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Mwaka 2000 Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika, ibara ya 4(h), iliupa Umoja haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Kilicholaumiwa 1979 kimepata msingi wa kisheria, kwa sharti kwamba kifanywe kwa pamoja. Mwaka 2013 Tanzania ilishiriki, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopambana na M23 mashariki mwa Kongo. Mara hii askari waliweza kuzungumza na wakazi wa Goma kwa lugha ambayo ni ya wakazi hao pia. Hata hivyo M23 iliyoshindwa 2013 ilirudi, na Januari 2025 ikauteka mji wa Goma. Kwa mara nyingine hatua ya kijeshi ilitangulia na ujenzi haukuifuata.

Kwa upande wa lugha, Uganda ilifanya marekebisho ya katiba mwaka 2005 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake na ufundishaji wake shuleni. Hatua hizi ni za kupongezwa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Mtaala utakaomfundisha kijana wa Masaka kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja, bila kukiri jinsi babu yake alivyokisikia mara ya kwanza, utakuwa umejengwa juu ya ukimya.

Wajibu wa wanafunzi wa taaluma za Kiswahili hapa uko wazi. Msamiati wa vita hivi na wa miaka iliyofuata unapaswa kukusanywa katika pande zote mbili za mpaka: kwa wapiganaji wa zamani, kwa wanamgambo, kwa wajane, kwa wafanyabiashara wa Masaka na kwa wazee wa sungusungu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa amevuka 65. Jenerali Msuguri alifariki Oktoba 2024. Kamusi inaweza kusubiri toleo lijalo. Mashahidi hawa hawawezi.

Hitimisho

Mhadhara huu haudai kwamba Tanzania ilikosea kupigana. Sababu ilikuwapo, nia ilikuwapo, na uwezo ulipatikana kwa kujinyima. Unachodai ni kwamba kukomboa ni kitenzi kinachodai mpokeaji, na kwamba mpokeaji wa 1979 hakuandaliwa. Kujenga ni kitenzi kingine. Chahitaji muda mrefu, lugha inayozungumzwa na mjenzi pamoja na mwenye nyumba, na hesabu inayosomwa hadharani na wote wawili.

Daraja la Kigongo lilichukua miaka kadhaa kujengwa, na daraja la Kyaka lilivunjwa kwa siku moja. Leo lori litokalo Mwanza huyapita maeneo yote mawili kabla ya kufika Mutukula, na dereva wake huzungumza na afisa wa forodha wa Uganda kwa Kiswahili. Mazungumzo hayo ya kawaida, yasiyo na bunduki, ndiyo sehemu ya ukombozi iliyobaki kukamilishwa.